Utepe Niliopiga Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Kwa miaka tisa nilikuwa nikipiga pasi utepe. Sijamwambia mtu yeyote, hata marehemu mke wangu, aliyeyajua makosa yangu mengine yote na kunisomea kila Jumapili.

Nieleze, maana atakayesoma haya ni binti yangu, na yeye mambo mpaka atafuniwe. Nilikuwa mkuu wa chumba cha kutakasia vifaa katika hospitali hii. Mikasi na koleo za upasuaji hufungwa kwa kitambaa, hubandikwa utepe, huingizwa kwenye mashine ya mvuke saa nzima. Utepe una mistari myeupe. Ikipata mvuke wa kutosha hugeuka myeusi, na daktari akiiona hukata watu kwa roho safi. Lakini saa nzima ni ndefu, na mchezo wetu wa drafti ulianza saa kumi. Nikagundua kwamba pasi nayo huigeuza mistari ile, tena kwa dakika moja.

Sasa nina miaka themanini na moja, nimelazwa humuhumu, na Alhamisi napasuliwa ngiri. Vifaa vitatoka chumba kilekile, kwa mwanamke niliyemfundisha mwenyewe. Nilimpachika jina la Mama Saa, kwa jinsi alivyokuwa akikodolea macho saa ya ukutani kama anayengoja mume. Nilipostaafu nilimwachia funguo, daftari na pasi. Nikamwambia matumizi yake atayajua.

Ikiwa aliyajua, nimekwisha. Kumuuliza siwezi, maana kuuliza ni kukiri. Lazima nitumie akili, ambayo katika wodi hii ninayo peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka hadi chumba cha mvuke kwa mkongojo, nikijifanya mstaafu aliyekuja kusalimia. Dakika ishirini kwa ngazi. Mama Saa kanisimamisha kwenye mstari mwekundu sakafuni.

"Shikamoo, Mwalimu. Viatu."

Nikamwambia mstari huo niliuchora mimi. Akasema basi bila shaka nakumbuka ni wa nini. Macho makavu kabisa. Umri umemwongezea kila kitu isipokuwa adabu.

Nikachungulia juu ya bega lake. Pasi ipo mezani. Imechomekwa. Inatoa moshi.

Nimerudi kitandani, nikajifunika shuka hadi kidevuni. Jirani yangu wa kitanda cha pili, fundi bomba aliyevunjika mguu, akauliza nimeona jini. Nikamjibu kwamba watu wa mabomba hawawezi kuelewa. Akasema hata yeye kazi yake ni uchafu wa watu, tofauti ni kwamba yeye anakiri. Sijui alimaanisha nini. Mtu asiyesoma huropoka.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimemwagiza binti yangu aniletee sufuria na jiko dogo, nichemshe vifaa vyangu mwenyewe. Akanishika paji la uso. "Baba, umekunywa dawa zako?" Ada yote ile niliyomlipia, matunda yake ndiyo haya.

Nikaamua kujitegemea. Mama Saa huenda kunywa chai saa nne. Saa nne na dakika tano nilikuwa ndani, na viatu. Kifurushi changu kilikuwa rafuni na jina langu juu, mistari ya utepe myeusi tii. Lakini weusi wa nini, mvuke au pasi? Mtaalamu hujua kwa harufu. Nikakifungua, nikainama, nikavuta pumzi ndefu juu ya mikasi.

Nikakohoa. Mara nne. Kikohozi changu si cha mchezo.

Nilipoinua kichwa, Mama Saa alikuwa mlangoni na kikombe. Hakufoka. Alivaa glavu, akakusanya kila kitu, akavirudisha vyote sinkini. Upasuaji wangu umesogezwa hadi Ijumaa. Kisha akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba pasi ile ni ya vitambaa vya kufungia. Na kwamba habari ya utepe aliijua tangu wiki yake ya kwanza.

"Ukishaondoka kwenda drafti, Mwalimu, nilikuwa navifungua vifurushi vyako vyote navirudisha kwenye mashine. Miaka yote tisa. Nilikuwa nafika nyumbani wanangu wamelala."

Sijawahi kuvunjiwa heshima namna hii. Mwanamke ameifumua kazi yangu kila jioni, nyuma ya mgongo wangu, kwa mvuke wa serikali. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepasuliwa. Daktari anasema imeenda vizuri na vifaa vilikuwa safi kama vipya. Nimemkumbusha aliyemfundisha anayevitakasa ni nani. Nesi kaniwekea bandeji kubwa na kunionya nisiiguse. Ananionya mimi.

Jumanne, 11 Machi

Homa. Kidonda kimevimba, kinatoa usaha wa kijani na harufu ambayo fundi bomba ameilalamikia, yeye wa mabomba. Wamekuja watu watatu wa kamati, na makaratasi. Wanashuku chumba cha mvuke. Mama Saa ameambiwa akabidhi funguo mpaka uchunguzi uishe. Nilimwona akipita koridoni na mkoba wake, anatazama chini.

Daktari akaniuliza mbele yao kama kuna mtu aliyeigusa bandeji. Nikasema hapana. Akauliza kama nina hakika. Nikasema miaka thelathini katika fani hii inatosha kuwa hakika. Nikatia sahihi, kwa mwandiko mzuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Binti yangu amewaita ndugu zake wote, hata yule asiyesemeshana nami. Najua maana yake. Daktari naye ameanza kuniita mzee wangu.

Kwa hiyo naandika, na daftari hili lisifunguliwe kabla sijazikwa. Mama Saa avumilie kidogo. Kungoja ndiyo kazi aliyoipenda.

Kosa ni la nesi. Bandeji nene kiasi kile mtaalamu atakaguaje kazi? Jumapili mchana, wote wakiwa wamesinzia, niliazima kisu ambacho fundi bomba alikuwa amemenyea machungwa, nikaichana bandeji, nikachokoachokoa kidogo kati ya nyuzi kuona kama ndani ni safi, nikaifunga tena vizuri.

Kisu nilikilamba kwanza, pande zote mbili.