Ulinzi wa Waifai ya Dada

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Vita vimeanza. Mtandao wa nyumba hii unaibiwa, na mimi ndiye jemadari. Sikuomba cheo. Cheo kilinitafuta chenyewe, kama kawaida yake.

Asubuhi mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa mezani na laptopu anampigia rafiki yake simu ya video. Picha ikaganda. Rafiki akabaki mdomo wazi kama mtu anayedungwa sindano. Mpwa akaifunga laptopu polepole. Bora angeibamiza, ingeniuma kidogo. Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili wa kazi kwenye maabara ya kupima maji. Kazi yenyewe hasa aliyosomea! Usaili uliopita ulikuwa hivihivi, kwa video. Picha ikaganda yeye akiwa amefumba macho, na wale waheshimiwa wakadhani kasinzia. Hawakupiga tena. Tangu hapo anamshonea mama yake vifungo vya sare za shule, na hasemi kitu.

Akafungua ukurasa wa ruta, akanionyesha. Msongamano! Simu za watu baki zimejazana kwenye waifai yetu kama nzi jalalani. Akasema neno la siri bado ni lile la kiwandani, lililobandikwa chini ya ruta. Kisha akauliza nani aliyeisimamisha ruta dirishani, tumbo likitazama uchochoroni.

Nilikuwa mimi. Nilitaka ipate hewa. Lakini kusoma herufi ndogo vile kutoka nje kunahitaji macho ya kipanga, kwa hiyo tunapambana na majambazi wa daraja la juu. Nikamweleza hivyo. Akaomba aachiwe abadilishe mwenyewe, ni kazi ya dakika. Nikamwambia mwanangu, hii ni kazi ya mtu aliyelinda ghala la jeshi. Dada, bila kuinua macho kwenye cherehani, akasema lilikuwa ghala la magunia matupu, na nilifukuzwa kwa kulala juu yake.

Magunia ya jeshi, Dada. Ya jeshi!

Jumanne, tarehe 7 Mei

Neno la siri jipya limewekwa. Mpwa alinionyesha pa kuandika, akageuza uso kwa heshima. Alinishauri nichanganye herufi na namba zisizo na maana yoyote. Maneno yasiyo na maana ni ya watu wasio na historia. Mimi ninayo. Nikaandika chuinamkanda, kumkumbuka yule chui niliyemnyonga kwa mkanda wa suruali enzi za ujana. Mkono mmoja kwenye chui, wa pili kwenye suruali. Watu hawaamini. Shauri yao.

Mtandao ukawa mwepesi kama unyoya. Mpwa alicheka na rafiki yake mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Nikaona ninastahili kujipongeza, nikavuka barabara kwenda kwa kinyozi.

Sikutaja neno la siri hata mara moja! Mimi si mtoto. Nilisema tu kwamba waifai ya dada nimeifunga kwa ushujaa wangu mkubwa kuliko wote. Halafu, kwa kuwa kiti kilikuwa bado kina mtu, nikasimulia kile kisa cha chui. Nilipofika kwenye mkanda nikakonyeza. Basi.

Jioni picha zimeganda upya. Kuna msaliti! Namshuku Bwana Miwani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, karani mstaafu. Kila mtandao wetu unapopata afya, anasikika akicheka peke yake chumbani.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mkakati wa leo ni kutisha. Kwanza neno jipya: mbuzikichwani. Hii ni ile siku nilipovuka mto uliofurika nikiwa na mbuzi kichwani, maji puani, na mbuzi ananila kofia. Pili, na hapa ndipo akili ilipo, nikabadilisha jina la mtandao. Sasa kila anayetafuta waifai mtaani anakuta limeandikwa POLISI UPELELEZI.

Mwizi gani atasogea hapo?

Mwizi sijui, lakini wateja wa dada hawakusogea. Mama mmoja alikuja kuchukua sare za wanawe, akatoa simu mlangoni, akasoma, akarudi alikotoka kinyumenyume. Mwingine alipiga kuuliza kwa sauti ya chini kama nyumba inapekuliwa na kama dada anaruhusiwa kuongea. Dada akaniangalia. Nikajifanya napanga vitambaa.

Kisha hodi. Bwana Miwani, shati kachomekea, anamtafuta ofisa wa zamu. Anataka kuripoti pampu yake ya baiskeli iliyopotea mwaka jana. Nikamwambia hakuna ofisa hapa. Akasema hana haraka, atangoja. Akaketi. Akanywa chai yetu. Akaomba na ya pili, akasema kituo hiki kina huduma nzuri kuliko vyote alivyowahi kufika. Mpwa akakimbilia jikoni na nikasikia anakohoa, kikohozi cha kicheko.

Dada akasema nirudishe jina la zamani kabla hajamaliza kushona tundu moja la kifungo. Dada ni mwepesi mno kwa matundu. Nikakimbia.

Na mbuzi naye kashaibiwa! Kufika alasiri, msongamano uleule.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Siku ngumu. Naandika kwa uchungu, ila kichwa kiko juu.

Asubuhi niligundua jambo la kisayansi: waifai ni kama harufu ya mchuzi, ukifunika haitoki. Nikaifunika ruta kwa sufuria kubwa la dada. Nje, kimya kabisa. Bwana Miwani hacheki! Tatizo, ndani pia kimya. Mpwa alikuwa katikati ya mazoezi ya usaili na rafiki yake, akapotelea hewani. Alipoinua sufuria ruta ilikuwa ya moto kama pasi. Akaibeba kwa kitambaa, akaipulizia kama mtu anayempulizia mtoto uji. Blauzi ya usaili ilikuwa imeshapigwa pasi, imening'inia mlangoni. Akaniambia kwa adabu zote, Mjomba, nakuomba, kesho usinisaidie.

Nikatoka. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Miwani, nikamtaka akiri. Akakiri! Tena bila kuacha kumenya chungwa. Akasema jirani, hata huulizi vizuri, sote tumo. Akasema siku ile nilipokonyeza, pale kwa kinyozi waliitisha kikao, wakataja visa vyangu kimoja baada ya kingine, kila mtu anajaribu kwenye simu yake. Chui alifunguka upesi. Mbuzi aliwachelewesha kidogo, kwa sababu nikisimulia nimeshiba huwa ni kondoo. Akaongeza kwamba yeye binafsi anamkumbuka yule chui alipokuwa bado paka pori.

Nimeguswa. Mtaa mzima unayajua maisha yangu kwa kichwa! Lakini kazi ni kazi. Nikavuka kwa kinyozi kuwapa onyo la mwisho.

Nikasimama katikati, mbele ya kioo, nikanguruma. Nikasema kesho saa nne mpwa wangu anazungumza na wakubwa wa maji wa dunia nzima, kila mmoja na mkalimani wake. Nikasema alivyosoma, alivyokuwa anabeba maji ya kisima kwenye chupa ndogondogo na kuziandika tarehe, sisi tukidhani ni dawa. Nikasema picha ilivyoganda amefumba macho. Nikasema siku hizi anashona vifungo na hasemi kitu. Hilo la vifungo sikulipanga. Lilinitoka tu.

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na nusu ya kichwa. Hofu iliwaingia, niliiona kwa macho yangu. Nikapigilia msumari: nikasema nimefunga na mtambo unaounguza simu ya mwizi mkononi.

Hakuna aliyecheka. Wameiva.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

USHINDI!

Alfajiri niliegemeza mabati ya zamani kwenye ukuta wa upande wa Bwana Miwani. Mpwa alisema nisisaidie, na mimi sikusaidia, nililinda. Ni vitu viwili tofauti. Saa nne ilipokaribia nikasimama getini na rula ndefu ya mbao ya dada, ile ya kupimia vitambaa.

Ng'ambo, wote wameketi nje ya duka la kinyozi. Kwenye benchi kuna beseni, na ndani ya beseni simu zao zote, zimefunikwa taulo. Wamesalimisha silaha! Bwana Miwani akatoka kwake mikono mitupu, akaketi nao, viganja magotini, kama mtu anayengoja habari hospitalini. Mpita njia mmoja akasimama kwenye kivuli, akatoa simu. Kinyozi akamwonyesha beseni kwa wembe. Yule hakuuliza swali.

Dada naye akaacha kushona, eti kelele za cherehani zisisikike. Wakati huu ni msimu wa sare, na yeye haachi kushona hata akiumwa. Alikaa tu, mguu umeganda juu ya kanyagio.

Dirishani ikaja sauti ya mpwa wangu. Mwanzo ndogo. Halafu wakamuuliza jambo kuhusu visima, na ndipo alipofunguka! Maneno makubwamakubwa, vijidudu nisivyovijua, vipimo, kina cha maji. Akasema kitu akacheka, na kwenye laptopu nao wakacheka. Wakacheka papo hapo, bila kuchelewa! Haikuganda hata mara moja.

Alipotoka mlangoni, benchi zima likasimama. Bwana Miwani akauliza vipi, binti? Akasema wamenisikia kila neno. Kinyozi akapiga makofi na sabuni mikononi, ikamrukia Bwana Miwani kwenye miwani, na kwa mara ya kwanza hakulalamika. Mpwa akavuka barabara akamshika mkono kila mmoja, anashukuru. Sijui kwa nini aliwashukuru wao. Nadhani ni malezi mazuri. Yale mabati yamemfikisha mbali, na yenyewe hayakuambiwa hata asante.

Dada akawapikia chai wote. Bwana Miwani akaulizia tena ile pampu.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Kazi amepata! Simu iliingia dada akiwa anakata kitambaa, mkasi ukaenda upogo, shati la mtoto wa watu likawa na mkono mmoja mfupi. Hakujali. Alilia juu ya vitambaa mpaka ikabidi vipigwe pasi upya. Mpwa anaanza wiki ijayo. Amezunguka nyumba nzima leo akiimba, na vifungo vilivyobaki amenipa mimi.

Kabla ya kuanza kazi amepanga mambo ya waifai mwenyewe. Majirani amewafungulia mlango wao wa pembeni, mtandao wa wageni, kama shukrani, na ameuwekea kikomo usitumeze. Wa nyumbani una neno jipya la siri, refu kama treni, herufi na namba zisizo na kichwa wala miguu. Dada alimsihi asiniambie. Mpwa akasema Mjomba ni Mjomba, akaninong'oneza, akaniapisha. Nikaapa mkono juu. Siri hii itakufa na mimi.

Shida ni kwamba haikai kichwani. Haina chui, haina mbuzi, utaishika wapi? Niliiandika kiganjani, nikanawa, ikabidi mpwa aninong'oneze upya. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na jambo dogo. Nimeipeleka mbio kwa kinyozi kabla haijapotea, nikamwomba aiandike ukutani, nyuma ya kiti, kwa herufi kubwa ili nisihangaike na macho. Ukiketi kunyolewa unaiona kwenye kioo, lakini kinyumenyume! Yaani siri ndani ya siri. Hata kinyozi alikubali, akasema Mjomba, wewe ni hatari.

Sasa nalala usingizi. Mwizi gani atageuza shingo katikati ya kunyolewa?