Sharti Langu la Siri Ukutani

Jumatano, saa nane na robo mchana, nimeumbuliwa na programu niliyoilisha masharti kwa mikono yangu mwenyewe.

Mnanijua. Kuitikia jina kwenye rejista tu hunitoa jasho. Lakini kwa kompyuta, mimi simba! (Simba wa kunong'ona, lakini simba.) Klabu yetu ya kompyuta husoma taarifa gwarideni kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, mtu mmoja kwa siku. Kugawana zamu kulikuwa ugomvi mtupu. Nikajitolea: kila mtu anipe masharti yake, niyaandikie programu, ipange yenyewe. Mwezi uliopita ikapanga vizuri ajabu. Nilitembea kama bibi harusi.

Leo naibu mwalimu mkuu, Mwalimu Zainabu, akaja kujionea. Ikimpendeza, zamu za shule nzima zitapangwa hivyo, usafi hadi maktaba! Moyo ukanipiga kama ngoma ya sengenya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuonyeshe."

Nikabonyeza. Ukutani, kwa projekta, jibu likatokea: haiwezekani. Nikabonyeza tena. Haiwezekani!

"Labda haijala mchana," akasema Kassim, domo la klabu. Wote wakacheka.

Sijui ule ujasiri niliutoa wapi. Nikasema kwa sauti (mimi! kwa sauti!): "Si programu, mwalimu. Kuna mtu ametia sharti la kijinga. Ni huyu Kassim na Ijumaa zake ambazo hataki kusoma."

"Mimi? Wallahi simo!"

"Utaona. Kuna kitufe cha kumkamata mkosaji."

Nikawaeleza kama profesa. Programu huyaondoa masharti moja moja na kujaribu upya, mpaka yabaki yale tu yanayogombana. Halafu huyataja, kila moja kwa jina lake, vile vile nilivyoliandika.

(Vile vile nilivyoliandika. Jamani, hapo ndipo ningekimbia.)

Nikabonyeza kwa madaha. Yakatokea matatu, makubwa kama bango la hoteli:

Kila siku msomaji mmoja.
Mtu asisome mara mbili kwa wiki.
SAUMU ASISOME KABISA, ATAZIMIA.

Saumu ni mimi.

Nilikuwa nimelisahau, naapa! Tulipokuwa sita, watano walisoma, mimi nikajificha nyuma yao, na programu haikulalamika. Lakini juma lililopita mwenzetu Mishi alihamia shule ya Matuga. Tumebaki watano. Siku nazo tano.

Kassim akasimama juu ya kiti. "Mkosaji kakamatwa! Tena kajikamata mwenyewe!"

Mwalimu Zainabu alivua miwani, akafuta machozi ya kicheko. "Mwanangu, programu yako naitaka. Haimwonei mtu haya, hata wewe uliyeitengeneza. Haya, lifute hilo sharti."

Nikalifuta. Mbele ya watu wote. Zamu zikajipanga papo hapo, kila jina na siku yake. Alhamisi: Saumu.

Alhamisi yenyewe si ndiyo kesho!

Naongezea, Alhamisi asubuhi. Nimesoma. Taarifa yote, mpaka hali ya bahari ya Msambweni, macho yangu yakiwa kwenye viatu vya Kassim. Sauti ilitetemeka, karatasi ikatetemeka zaidi, lakini sikuzimia! Nilipotoka gwarideni nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, nikaandika sharti jipya: Kassim asicheke.

Hilo haliwezekani. Sikuhitaji hata kubonyeza.