Ganda Lisilopasuka

Jumatatu, 4 Machi
Nimeamua: lazima nimpiku mwenzangu Miwani! Sote wawili ni wahandisi wa maabara ya kofia za pikipiki. Mkuu wetu, mama asiyecheka ovyo, anataka tuige kwenye kompyuta jinsi ganda jipya litakavyopokea kishindo. Ganda lenyewe ni matabaka ya nyuzi yaliyobanwa kwa gundi. Atakayepatia ataongoza kazi nzima. Miwani anajenga tabaka moja moja, na gundi katikati. Kobe! Mimi nimeyaunganisha yote yawe kitu kimoja. Hesabu imekwisha chai ikiwa bado ya moto.

Jumanne, 5 Machi
Maajabu! Nimeangusha chuma kwenye skrini, ganda likabonyea, likajirudi. Nikaongeza uzito. Wapi! Nikaangusha uzito wa tembo. Bado zima! Mwingine angetia shaka. Mimi nimemwita Mkuu. Miwani akauliza kwa sauti ya chini, na gundi je? Nikamwambia aache wivu.

Jumatano, 6 Machi
Jaribio la kweli. Chuma puu! Ganda halina hata mkwaruzo. Nikarukaruka. Miwani akaanza kuligonga kwa kijiko: ti, ti, ti… bu, mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Mkuu akaamuru likatwe. Lo! Ndani matabaka yameachana kama kurasa za kitabu kilicholoa. Nilisahau aibu, nikachukua kioo cha kukuzia. Kila ufa umefuata nyuzi za tabaka lake, mmoja huku, mwingine kule. Ningekaa hapo hadi jioni. Ndipo Mkuu akauliza kama ningemvalisha ndugu yangu kofia ile. Dada yangu huenda kazini kwa pikipiki. Nikakiweka kioo mezani.

Alhamisi, 7 Machi
Miwani ndiye kiongozi. Hesabu zake zilionyesha nyufa palepale. Hakunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Ameniagiza nirudie, na safari hii gundi iweze kuachia. Dada kanipa pole, akasema angalau nimepata funzo. Nikamwambia, tena kubwa!

Ijumaa, 8 Machi
Nimetia gundi. Kompyuta inajikokota, eti hadi wiki ijayo. Nani asubiri? Nikawaza: kinachopigwa ni tabaka la juu. Ya chini ni ya nini? Nimeyafuta. Bila ya chini, gundi haina kazi; nimeifuta pia. Hesabu imekwisha fasta. Hakuna tabaka lililoachana, hata moja! Nimeshamwita Mkuu. Miwani yuko msalani. Upesi, upesi!