Kiti cha Glenys

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumefika kambi ya ufukweni, nje kidogo ya mji wa Ceduna, kusini mwa Australia. Mbele yetu nyika ya Nullarbor, kisha Perth, ambako binti yetu Kirsten amejifungua kifungua mimba wake. Glenys, mke wangu, hazungumzii kitu kingine.

Kabla ya safari aliniomba vitu vitatu: kitanda kikavu, mahali pa kusimama wima akivaa suruali, na kiti chenye mgongo. Kiti nilinunua. Mengine nikayamaliza kwa mkupuo mmoja: hema la kukunjua juu ya paa la gari. Mwenye hema alikuwa na haraka ya kuliuza. Sikumuuliza kwa nini. Nimeuza mapazia maisha yangu yote, sifundishwi kitambaa.

Glenys akaitazama ngazi, akalitazama goti lake bovu. "Darryl, mimi ni bibi wa mtu sasa. Unanipandisha darini kama kuku?" Nikamwambia atazoea.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumepata majirani. Ross Kalnins, fundi bomba mstaafu, na mkewe Wendy. Karavani nyeupe, nyumba ya kukokotwa na gari, kibaraza cha turubai mbele, ndani kitanda cha ziada cha wajukuu. Majivuno matupu.

Ross alilizunguka gari letu, mikono nyuma. Akauliza maziwa yakiisha nafanyaje, nakunja nyumba nzima niende nayo dukani? Nikajibu hilo nimeshalifikiria. Sikuwa nimelifikiria.

Maziwa yakaisha. Nikakunja nyumba nzima, tukaenda nayo dukani. Kurudi, watu wameshaegesha mahali petu, nyuma ya kichaka kinachokinga upepo. Huwezi kuwalaumu. Kambi ya bure haina namba. Tumelala karibu na choo, na upepo ulikuwa unatoka huko huko.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata dawa! Wale wa kichakani wameondoka alfajiri, nikahamia haraka. Sasa, kila msafiri nchi hii anaijua sheria: kiti kikiachwa mahali, hapo pana mwenyewe. Hata mlevi hakigusi. Basi gari nikaliweka nafasi moja, na nafasi ya pembeni nikaweka kiti cha Glenys, asije akaingia bwana mmoja wa kambini mwenye jenereta ya kelele. Changu kina mguu mmoja uliovunjika. Kisingeheshimika.

Jioni watu wote hukusanyika kwa Ross, kila mtu na kiti chake na kinywaji chake. Glenys akataka kiti. Nikamkatalia, karavani zilikuwa bado zinaingia. Nikawahubiria wote pale juu ya sheria ya kiti: kiti ni neno la mtu. Glenys alisikiliza akiwa amekaa juu ya sanduku la barafu, mkono kiunoni. Wendy akamletea kiti cha kwake. Wakacheka kitu fulani. Sikuwa nimemsikia Glenys akicheka tangu tutoke Adelaide, na iliniuma kwamba si kwangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Jana nilitandaza turubai kutoka kwenye gari hadi kwenye nguzo, limekazwa, limenyooka. Ross alikuja kuniambia nishushe pembe moja maji yapite. Nikamshukuru, sikushusha. Pazia zuri halilegei. Nilijua ni wivu tu.

Asubuhi turubai lilikuwa na tumbo kama kondoo mwenye mimba. Nikalisukuma kwa mpini wa ufagio. Wakati huo huo Glenys alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, suruali nusu, maana mle ndani hapasimamiki. Maji yote yalimpata yeye, yaliyobaki yakaingia kitandani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama pale analowa, akasema taratibu, "Nilikuomba vitu vitatu tu, Darryl." Nikaogopa. Nilikwenda kukamua godoro ili nisimwangalie.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikwenda mjini kutafuta kamba zaidi. Nimerudi, kiti cha Glenys hakipo. Wizi! Nikaenda kwa Ross kushtaki.

Kiti kilikuwa kibarazani kwa Ross, katikati ya cha Ross na cha Wendy. Nikakishika mgongo nikibebe. Ross hakuinuka. "Acha hapo, mzee. Kimewekwa na mwenyewe. Si sheria yako hiyo, umetuchosha nayo juzi?" Bwana mwenye jenereta alikuwa anatazama. Nikakiachia.

Glenys akatoka ndani ya karavani, mkavu, amesimama wima. Akasema anakwenda nao Perth, atalala kitanda cha wajukuu. Nikamwambia tulipanga kufika kwa Kirsten pamoja, mlangoni pamoja. "Ulipanga wewe," akasema. "Mimi niliomba." Kisha akanifunga zipu ya koti hadi shingoni, kama kila asubuhi ya baridi. "Utatukuta kwa mtoto. Ukifika."

Nilitaka kumwambia abaki. Nikamuuliza kama amechukua dawa zake za goti.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wameondoka. Glenys alipunga mkono kwa muda mrefu, na Ross akapiga honi, ambayo haikuwa lazima. Nafasi ya pembeni ameshaingia yule wa jenereta. Nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi.

Nimekaa nikafikiri kwa uaminifu kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Ni ngazi! Ilikuwa nyembamba mno kwa mtu mwenye goti. Kuna mtu Ceduna anauza hema la juu kubwa zaidi, ngazi yake ina vishikio pande zote mbili. Ana haraka. Naenda kulichukua leo hii, na nitawapita Ross na karavani yake kabla ya mpaka wa jimbo. Glenys akiliona tu, atahamia.

Kiti changu kibovu nimekiweka mbele, upande wa abiria, nikakifunga mkanda. Mtu asije akadhani hapo hapana mwenyewe.