Jina la Tatu Halina Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mtoto ana wiki tano. Mimi nina usingizi wa wiki tano. Mume wangu Ngui yuko Maungu na lori lililokufa gia tangu Ijumaa. Nataka kitu kimoja tu duniani: kulala mchana bila mtu kunivuta titi.

Wazo limenijia nikianika nepi. Binti wa kwanza alichukua jina la mama yake Ngui. Wa pili la mama yangu. Huyu wa tatu jina lake halina mwenyewe! Na ploti yetu hapa Voi ina milango minane, makabila matano, na nyanya wa kutosha. Nyanya akipata wajina hamweki chini.

Nimeanza mlango wa kwanza. Nimemwambia Mama Kalondu, Mkamba mwenzake Ngui, tunafikiria kumwita Kalondu, jina lake. Kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Kambeba saa nzima. Nimelala!

Jumanne, 5 Agosti

Kalondu ameenda sokoni na mbaazi zake. Mtoto hajui siku ya soko. Nimemwendea Bi Mwanasiti wa mlango wa nne, yule wa mahamri. Nikasema tunafikiria Mwanasiti. Machozi yakamtoka. Ati ana wajukuu tisa na hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikalala.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Tryphena wa mlango wa sita, Mtaita mwenzangu kutoka Wusi, ameniuliza kwa Kidawida chetu kama nimesahau kwetu. Sijasahau! Mtoto sasa ni Tryphena pia. Kaniletea maziwa lita mbili.

Jioni Bi Mwanasiti kaleta blanketi. Amelitarizi MWANASITI kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama bango la duka. Nimelikunja upande wa jina ndani. Kwenye kitabu cha kliniki jina nimeliandika kwa penseli. Kichwa ninacho!

Alhamisi, 7 Agosti

Kliniki. Kalondu akashikilia kunisindikiza. Tryphena alikuwa kwenye foleni ya dawa za presha. Bi Mwanasiti kumbe Alhamisi huuza mahamri palepale langoni, na alikuwa ameingia kumwona somo wake. Ni nani alipanga haya?

Nesi akamtia mtoto kwenye ile suruali ya kupimia uzito, akauliza jina. Wakajibu watatu kwa pamoja, majina matatu. Nesi akauliza wale wengine wawili nimewaacha wapi. Blanketi likaanguka, uzi mwekundu juu.



Kalondu akasema, "Wee Dinah, huyu mtoto tunampigia kura?"

Nikasema nilikuwa na usingizi. Ndiyo ukweli wenyewe. Nilidhani watagombana. Afadhali wangegombana! Waliangaliana, wakacheka mpaka Tryphena akapimwa presha upya. Kisha wakaenda kunywa chai kwa mahamri, wameshikana mikono. Nimerudi peke yangu, mtoto mgongoni, juani.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna anayembeba. Nikipita, Kalondu ananisalimia "Mama Majina" na ploti nzima inaangua kicheko. Nilimrudishia Bi Mwanasiti blanketi. Akakataa. Ati mtoto hana kosa, baridi haichagui. Nimelia kwenye nepi. Nikamwomba msamaha, na maneno yalitoka moyoni.

Usiku nimemwambia mtoto: mimi na wewe, uongo basi. Akanitapikia begani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mlango wa saba umepata mpangaji! Mkisii, mwalimu mstaafu wa chekechea, Bi Nyaboke. Mikono mipana. Kiti cha kubembea! Kaniuliza mtoto anaitwaje.

Nikafungua kitabu cha kliniki. Penseli imefutika vizuri sana.

Nikamwambia ni ajabu, maana hata jana tulikuwa tukisema jina la Kikisii ni tamu.

Nimelala masaa mawili na nusu. Nimeamka mtu mpya. Nasikia vicheko uani. Ngoja nichungulie. Kumbe ni Kalondu, amembeba mtoto, na anamkaribisha Bi Nyaboke chai, akimsimulia habari za Mama Majina.