Silvère Atembee, Mimi Nimeze

Jumatatu, 3 Juni 1991
Daktari kasema damu yangu imejaa mafuta. Kidonge kila jioni, na kutembea kwa haraka kila siku. Nikauliza nichague kipi. Kasema vyote; kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Tutaona! Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza redio mapema. Tangu marehemu mke wangu aondoke, na binti yetu Christella aolewe, ni redio tu zinazonisemesha, nazo mbovu.

Jumanne, 4 Juni
Nimevumbua! Jirani yangu Silvère, fundi viatu, ana ugonjwa huohuo. Anapenda kutembea, vidonge vinamkwama kooni. Nimemshauri tugawane kazi: yeye atembee kwa niaba ya wawili, mimi nimeze vya wawili. Kacheka hadi akakohoa, akanipa pakiti. Mjinga!

Alhamisi, 6 Juni
Silvère kapita akipanda kilima kuelekea Nyamirambo. Hakuwa peke yake! Kabagwira, mjane muuza vitenge, ambaye tangu Pasaka natafuta namna ya kumsalimia, anatembea naye. Nimewapungia mkono. Hawakuniona. Nimejipoza kwa brosheti, mishikaki ya mbuzi, ile yenye mafuta. Vidonge si vipo?

Jumamosi, 8 Juni
Mapaja yanauma kana kwamba nimelima kilima kizima, na sijatoka kitini! Daktari kanigombeza: dozi mbili zinaumiza misuli. Nisimamishe vidonge hadi apime damu, nitembee polepole. Nimemrudishia Silvère pakiti yake. Safari hii hakucheka. Kumbe alidhani natania, vyake anameza kutoka pakiti nyingine. Kasema kila jioni alinisubiri nije tucheke tena.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa, hodi mlangoni. Kabagwira mwenyewe!
“Baba Christella,” akasema, “kesho asubuhi tutakupitia. Tutakwenda mwendo wako. Nyumba hii ina ukimya mno.”
Hakuna aliyebisha mlango huu tangu matanga. Nimeitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 10 Juni
Wamekuja kweli. Lakini nitembee nyuma ya Silvère nikihema, Kabagwira akitazama? Thubutu! Nilikuwa nimeshajimwagia maji shingoni, yaonekane jasho. Nikawaambia nimetembea tangu alfajiri, tena kwa kasi ambayo Silvère asingeiweza. Kabagwira kanisifu sana. Kasema basi nipumzike, wasinichoshe. Wakaondoka, wakicheka jambo nisilolisikia.
Ushindi!
Kesho nitajimwagia hadi mgongoni.