Kaa wa Mwalimu wa Biolojia

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa biolojia anahama. Kasema mwalimu mkuu, mlangoni pa maabara. Shule nyingine inamtaka, atawajibu Ijumaa. Na mimi, mtunza maabara, muda wote huu nang'arisha darubini zake nikingoja siku nzuri ya kusema neno! Mpango: ujumbe wa simu. Mfupi. Wa kiume.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwandikia: "Kaa." Basi. Yaani usiende. Kajibu papo hapo: wazo zuri, na wawili watatosha. Wawili! Yeye na mimi! Ilibidi niketi juu ya ndoo.
Mchana kafafanua. Wiki hii anafundisha rangi za damu, na kaa ndio aliowakosa. Niwalete wakiwa hai.

Jumatano, 5 Juni
Nimewaleta. Mmoja kanibana kidole, damu ikachuruzika. Mwalimu wa fizikia, yule wa viatu vya kung'aa, kaniuliza mbele ya darasa: kaka, hata kaa hakutaki? Lakini mwalimu wa biolojia alikishika kidole! Akakiinua, akafundishia. Nyekundu hii ni hemoglobini, yenye chuma. Damu ya kaa ina shaba. Ikipata hewa huwa buluu. Kuna minyoo wa baharini wenye damu ya kijani. Kuna samaki wa maji ya barafu ambao damu yao haina rangi kabisa. Niliomba wanyama wasiishe. Wakaisha.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango: damu ya buluu ya kumsahaulisha safari. Nikaitoa asubuhi, nikajaza chupa hadi juu, nikaziba kwa nguvu isiharibike. Saa ya somo, haina rangi! Kama maji ya kusuuzia vikombe. Nikatia tone la wino. Mwalimu kanusa chupa. Kaniambia taratibu: ndugu yangu, hii inaandika barua. Akamtoa damu kaa wa pili, akaiacha wazi, akaitikisa kidogo. Ikageuka buluu yenyewe. Kasema ujanja haukuhitajika; ningefungua tu.
Ndugu yangu! Neno hilo limenikaa masikioni hadi jioni.

Ijumaa, 7 Juni
Kabla ya kuwapigia simu hao watu, kapita maabara. Kauliza kama nina la kumwambia. Kasimama. Kangoja. Nikasema darubini ya dirishani imelegea skrubu. Kasema haya, asante. Akapiga simu palepale koridoni: atakwenda, mwisho wa mwezi.
Muda bado upo. Muuza samaki ameniahidi pweza, Jumatatu saa mbili asubuhi. Damu ya buluu vilevile, na mioyo mitatu! Hapo ataelewa mwenyewe, bila mimi kusema kitu.